Mark II Tourer V na Mark X 350S: uzoefu wangu wa ulaji wa mafuta Lubumbashi

Nimeendesha hapa Lubumbashi magari mawili ya ukoo mmoja: Toyota Mark II Tourer V ya mwaka 1998, yenye injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5 na turbo, na Mark X 350S ya kizazi kilichotoka mwaka 2009, yenye injini ya 2GR-FSE ya lita 3.5 isiyo na turbo. Yote mawili yaliletwa kutoka Japani kupitia Dar es Salaam yakaingilia Kasumbalesa, na yote mawili yana usukani wa kulia wakati huku Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, kero ambayo anayefuata malori ya madini kwenye njia ya Kolwezi anaijua bila kuelezwa. Watu huniuliza lipi linakunywa esanse (petroli) zaidi, na wengi hawaamini ninapowajibu kwamba lenye injini kubwa ndilo linalokunywa kidogo.

Hesabu yangu ni ya kawaida: ninajaza tangi hadi pomoni, ninaandika kilomita, kisha ninajaza tena kwenye pampu ileile na kugawanya. Ndani ya mji, pamoja na foleni za kuelekea mitaa yetu ya Ruashi na Kenya, Mark II ilikuwa ikila karibu lita 17 kwa kilomita 100, ilhali Mark X inakaa kati ya 13 na 14. Kwenye barabara ya Likasi, kwa mwendo wa kilomita 90 hadi 100 kwa saa, ya kwanza ilishuka hadi lita 11 hivi na ya pili hufika 9. Kwa hiyo pengo kubwa liko mjini, na njiani linapungua.

Kwenye karatasi, magari haya yanakaribiana kuliko mtu anavyodhani. Mark II ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokivuka hadi mwaka 2004, na Mark X ina 318. Nguvu ya msokoto ni karibu sawa kabisa, Nm 378 kwa 380, isipokuwa turbo inaitoa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika wakati V6, yaani injini ya silinda sita ya Mark X, inaidai hadi 4,800. Ndiyo maana Mark II huonekana na nguvu zaidi unapokanyaga kutoka chini, na sitaki kuidharau kwa hilo: hakuna siku Mark X ilinisukuma kitini kama ile.

Sababu ya tofauti ya mafuta iko kwanza kwenye uwiano wa mgandamizo. Injini ya turbo ya miaka ile hubana mchanganyiko wa hewa na petroli karibu mara 9 tu, kwa sababu hewa iliyokwisha kushindiliwa na turbo huwa na joto, na ukiibana zaidi petroli hujiwasha kabla ya wakati na injini huanza kugonga. 2GR-FSE hubana mara 11.8, na kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa ndivyo joto lilelile la petroli linavyotoa kazi nyingi zaidi. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu sehemu ya petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ambako inapogeuka mvuke hupoza hewa kabla haijabanwa. Sasa fikiria foleni ya mjini: turbo haisukumi kitu, na unachobaki nacho ni injini ya lita 2.5 yenye mgandamizo mdogo, nzito kuamka, inayokula bila faida.

Unapokanyaga ili kulipita lori, tatizo linageuka. Turbo inaposhindilia hewa, kompyuta ya injini huongeza petroli kupita kiasi kinachoweza kuungua, ili ile ya ziada ipoze valvu za kutolea moshi na turbo yenyewe. Ushahidi ulikuwa kwenye mdomo wa ekzosi: nilikuwa nikiufuta asubuhi kwa kitambaa, na nikirudi kutoka Likasi kidole kinatoka na masizi meusi. Injini za kisasa za turbo zimepunguza sana ulafi huo, lakini hii ya mwaka 1998 haikujaliwa hivyo.

Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Ukikanyaga hadi mwisho, V6 inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, na hilo nalihisi kila mlima, ilhali turbo ya Mark II hulifidia. Ajabu ni kwamba kwa mwendo wa utulivu wepesi huo unaisaidia kidogo V6, kwani kilango cha hewa hufunguka zaidi na injini haihangaiki kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Giaboksi nayo ina mchango: Mark II ya otomatiki ina gia nne, Mark X ina sita, na kwa kilomita 100 kwa saa sindano yake ya mizunguko inakaa chini zaidi.

Ni haki pia kusema kwamba sehemu ya ulaji wa Mark II ilikuwa uzee, si ubunifu. Kihisi cha oksijeni kilikuwa kimechoka. Fundi wa mtaa wa Katuba alipokibadilisha, pamoja na mipira ya vakyumu iliyokuwa imepasuka, mji ulishuka kutoka zaidi ya lita 19 hadi hizo 17 nilizotaja. Anayelinganisha gari la zamani na jipya bila kurekebisha vitu hivyo kwanza analinganisha uzembe, wala si injini.

Upande wa pili wa shilingi ni mafuta yenyewe. Mark II ilistahimili esanse ya chupa ya Kadafi, yaani muuzaji wa mafuta wa kando ya barabara, pale kituo kilipokauka. Mark X siipi. Pampu yake ya shinikizo kubwa na nozeli zilizo ndani ya silinda hazipendi maji wala vumbi, na vipuri vyake havipatikani kirahisi kama vya 1JZ. Anayetaka Mark X aangalie pia ukubwa wa injini: hii ya 3.5 ina nozeli mbili kwa kila silinda, moja ikinyunyizia kwenye njia ya hewa na kuosha valvu, wakati ile ya 2.5 ya 4GR-FSE ina ya ndani peke yake, hivyo masizi hujikusanya juu ya valvu na kuhitaji kusafishwa.

Kwa anayetembea kilomita 1,000 mjini kila mwezi, tofauti ni kama lita 35. Hilo halitoshi kumfanya mtu auze Mark II iliyo nzima ili anunue Mark X. Kwangu kilichoamua ni kwamba ninatumia gari kila siku na siko tena kwenye umri wa kutafuta mbio. Kama bado unazitafuta, na una fundi unayemwamini, Tourer V haitakuchosha, ila tenga pesa za esanse.