Nikon D750 kwenye jua la Unguja: stopu 14 zina kazi gani?

Mimi napiga harusi za Unguja, kwa hiyo kamera naipima kwa kanzu nyeupe na joho jeusi. Bwana harusi akitoka msikitini baada ya ndoa ya adhuhuri, jua liko utosini, ukuta wa chokaa nyuma yake unaumiza macho, naye mwilini kavaa vitu viwili ambavyo kamera nyingi hazivipatii kwa pamoja. Ukiifuata kanzu, joho linageuka shimo jeusi na nyuzi zake za dhahabu huzioni. Ukilifuata joho, kanzu imeungua, na ile darizi ya shingoni aliyoilipia ghali haipo.

Uwezo wa kushika vyote viwili kwa mpigo ndio unaoitwa dainamiki renji, na hupimwa kwa stopu. Kila stopu inayoongezeka ni mwanga maradufu, kwa hiyo tofauti ya stopu mbili ni mara nne, si jambo dogo. Kwa vipimo vya DxOMark, wapimaji wa kamera, Nikon D750 iliyotoka 2014 ina stopu 14.5, Canon 6D ya 2012, ambayo nayo sensa yake (kile kipande kinachopokea mwanga) ni fremu nzima, yaani kubwa kama filamu ya milimita 35, ina 12.1. Namba hizo ndizo zilizonifanya nitafute D750 iliyotumika, na kwa kazi za mchana sijuti hata kidogo.

Naiweka ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga), RAW ya biti 14, yaani faili ghafi lisilopikwa na kamera, na ule upimaji mwanga wenye alama ya nyota, unaolinda sehemu nyeupe zisiungue. Kwenye skrini picha inatoka mbovu. Uso una giza, na mjomba wa bwana harusi akichungulia lazima aulize kama kamera nzima. "Subiri kidogo, mjomba," basi. Nyumbani, kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, napandisha vivuli stopu tatu: joho linarudi, uzi wa dhahabu unaonekana mmoja mmoja, ngozi haigeuki kijani, michirizi hakuna. Kanzu sijaigusa, imebaki na mikunjo yake yote. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda.

Siri iko gizani, si kwenye mwanga. Weupe ukishaungua umekwenda, hakuna programu itakayourudisha. Kivuli bado kina habari ndani yake, ila imechanganyika na chembechembe za umeme wa kamera yenyewe. Sensa yenye chembechembe chache ndiyo inayokubali kuvutwa.

Sasa njoo usiku. Ukumbini taa za rangi, moshi wa jukwaani, uko ISO 3200 kabla hata maharusi hawajaingia. Kila ISO inapopanda, dainamiki renji inashuka, na ukifika huko juu D750 na 6D zinakaribiana kiasi kwamba mteja hawezi kuzitofautisha, na sidhani kama mimi naweza. Mtu ambaye kazi yake yote ni kumbi, akiniuliza abadilishe kamera kwa sababu ya namba hizi, namwambia hapana. Anunue lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga mwingi, na flashi ya maana, abaki na chenji.

Vivyo hivyo anayepiga JPEG na kukabidhi kadi siku hiyo hiyo. JPEG, picha iliyokwisha kupikwa na kamera, ni biti 8. Kamera imeshaamua kinachobaki na kinachotupwa, na ukivuta vivuli stopu tatu utaona madoa tu. Picha za pasipoti ndiyo usiseme, pale mwanga unaupanga mwenyewe.

D750 ina mapungufu yake. Ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma, fokasi yake ni nzito, na shata, mlango unaofunguka kupitisha mwanga, kasi yake inaishia 1/4000 ya sekunde, kwa hiyo lenzi ikiwa wazi f/1.8 kwenye jua kali picha itazidi mwanga hata ukiwa ISO 100. Mie hukaza tundu la lenzi hadi f/4 na maisha yanaendelea.

Ukiipata ya mkononi, soma namba iliyo chini ya kamera uilinganishe na matangazo ya Nikon kabla hujatoa hela, kwani baadhi ya D750 zilitangazwa kubadilishiwa shata bure. Muuzaji akikuzuia kuigeuza uisome, mwachie kamera yake.