Mashine ya kamera ya kukagua vifuniko: nzuri, ila isiachwe peke yake

Nasimamia ubora kwenye laini ya vifuniko vya plastiki vya chupa, na mashine hii ndiyo inayoamua kipi kiende kwa mteja na kipi kirudi kusagwa. Naikubali. Haichoki, wakati jicho la mtu aliyekaa mbele ya mkanda huchoka upesi sana. Pete ya usalama, ile inayobaki shingoni mwa chupa ukiifungua, ikiwa imekatika haiikosi. Inapoteleza ni kwenye ufa mwembamba wa hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu ndani ya kifuniko, hasa kifuniko kikiwa cheupe na kinang'aa.

Muuzaji anasema inakamata vibovu 95 kati ya 100, na kwetu ni kweli. Asichokisema ni vizima inavyovitupa. Ilipofungwa ilikuwa inakataa vizima 3 katika kila 100, na watu wakaona si kitu. Haya, piga hesabu. Kwenye vifuniko 10,000, vibovu vikiwa 100, inakamata 95 na 5 vinapita. Vizima ni 9,900. Asilimia 3 yake ni 297. Basi kwenye ndoo ya vilivyokataliwa mna vifuniko 392, na robo tatu yake havina kasoro yoyote! Tunasaga kazi nzuri ya watu. Na ukiilegeza kamera ili ivihurumie vizima, vibovu navyo vinapata njia.

Dawa tuliyoipata ni kumpa mkaguzi ndoo ile, pamoja na geji na kioo cha kukuzia. Anapitia 392, si 10,000, kwa hiyo gharama haiumi. Lakini naye ni binadamu: kila kibovu anachokirudisha kinajumlishwa na vile 5 vilivyokwisha kupita. Ndiyo maana anarudisha kile tu alicho na hakika nacho, kingine chote kinasagwa.

Kuhusu kama inalipa, mimi hutumia kanuni ya W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mambo ya ubora viwandani. Gawa gharama ya kukagua kimoja kwa hasara ya kibovu kimoja kikimfikia mteja. Kama ni 1 kwa 200, mpaka wako ni asilimia 0.5: vibovu vikizidi hapo kagua vyote, vikipungua usikague. Hesabu hiyo huchukulia kwamba ukaguzi haukosei. Ukikosea, mpaka unapanda. Kuna aina moja ya kifuniko ambayo kalibu yake ni mpya na vibovu ni nadra mno, na kwa aina hiyo tumeizima mashine kabisa.

Ukitaka kuinunua, usilipe kabla hujaijaribu kwa vifuniko unavyovijua, vizima na vibovu vikiwa vimechanganywa, kisha uvipitishe tena vilevile ukiwa umevigeuza. Yetu ilikuwa inakikataa kifuniko asubuhi na kukipokea mchana, jua likishahama dirishani. Tuliizungushia kibanda cheusi, ikatulia. Kibanda hicho kilipaswa kuja na mashine, kwenye bei ileile.