Google Scholar na ufuatiliaji wa marejeo: uzoefu wangu nikiwa Moshi

Mhadhiri anayeandika kuhusu ushirika wa wakulima wa kahawa hapa Moshi hawezi kutarajia kusomwa na umati, na kwa hiyo kumjua aliyerejelea kazi yake, na kwa hoja gani, kuna uzito kuliko jumla ya marejeo. Kwa kigezo hicho, Google Scholar, huduma ya bure ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, iliyoanza mwaka 2004 na kuongezewa kurasa za wasifu wa watafiti mwaka 2011, imenifaa kuliko nilivyotazamia.

Kufungua wasifu ni rahisi. Kinachotaka umakini ni uteuzi wa makala. Mfumo hukuletea orodha ya kazi zinazodhaniwa kuwa zako, na kwa kuwa majarida mengi huandika ukoo na herufi za mwanzo tu za majina mengine, sisi wa koo za Mushi, Massawe, Lyimo au Swai hukutana humo na madaktari na wataalamu wa misitu tusiowafahamu, ingawa pengine ni ndugu. Nashauri usiruhusu makala ziongezwe zenyewe, bali uchague kuletewa barua pepe ili uthibitishe kwanza.

Ninachokithamini zaidi ni tarakimu iliyo kando ya kila makala, kwa sababu ukiibonyeza hufunguka orodha ya kazi zilizokurejelea. Humo nimekuta tasnifu na ripoti, ambazo Scopus, kanzidata ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier inayochuja majarida, kwa kawaida haizihesabu. Tasnifu moja ya uzamili ilipinga hoja yangu kuhusu malipo ya pili ya kahawa, yaani nyongeza anayopewa mkulima baada ya kahawa yake kuuzwa, na ilinipa kazi ya kufikiri ambayo wahakiki wa jarida hawakunipa.

Vipimo navisoma kwa tahadhari. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, husema kwamba mwenye h ya 6 ana kazi 6 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 6. Bila shaka humpendelea aliyeandika kwa miaka mingi. Isitoshe, Google Scholar huhesabu hata pale mwandishi anapojirejelea mwenyewe, jambo ambalo Scopus hukuwezesha kuliondoa, wala haichapishi orodha kamili ya vyanzo vyake. Ndiyo maana katika maombi ya kupandishwa cheo huandika chanzo cha tarakimu pamoja na tarehe niliyoichukua, maana hesabu yaweza hata kushuka.

Mwanafunzi wa uzamivu mwenye makala moja au mbili hana haja ya kuitangaza h yake. Aweke arifa ya barua pepe ya kumjulisha kila rejeo jipya, na wasifu wake auache wa faragha mpaka atakapouhitaji.