Kibanda cha darubini Lubumbashi: kipi kinunuliwe kwanza

Kiangazi cha Lubumbashi ni zawadi kwa mpiga picha za nyota. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo, na mwezi wa Juni, saa sita usiku, kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kinapita digrii 73 juu ya upeo, karibu na utosi. Kibanda kinachotufaa, basi, ni kile kinachofunguka chote. Kuta nene na kuba la kuzuia theluji tuwaachie wenye theluji.

Cha kwanza: paa la kuteleza. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti anaweza kukutengenezea, na ndiyo sababu kubwa ya kukiweka mbele: kikiharibika, anayekirekebisha yuko mtaani kwako. Chumba kisizidi mita 2.9 kwa 2.9. Chuma cha pembe huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo kila upande reli inatoka kwenye chuma kimoja kisicho na kiungo: nusu juu ya ukuta, nusu nje pa kuegeshea paa. Kiungo katikati ya reli ndipo gurudumu hukwama, na kila paa linapogonga hapo, darubini inatikisika. Chukua magurudumu sita ya geti yenye mfereji, siyo manne, na reli igeuzwe mgongo juu ili vumbi jekundu lisitulie.

Paa lisukumwe kuelekea kaskazini. Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani, hayapandi zaidi ya digrii 33 kutoka upeo wa kusini; paa likiegeshwa upande huo utayapoteza. Ukuta wa kusini usipite mita 1.4. Nguzo za reli ziwe za chuma: mbao, mchwa watazimaliza. Halafu ndoano. Paa la mabati pamoja na fremu lina uzito wa kilo 100 hivi, na upepo unaotangulia mvua za kwanza unaweza kulinyanyua. Chomelea meno manne yanayoshika chini ya reli hata paa likiwa wazi, na kufuli nne za kulibana likifungwa.

Cha pili: nguzo yenye kasha. Hakuna chumba, kuna nguzo, kitako cha darubini (mashine inayoibeba na kuizungusha ifuate nyota) kinachobaki juu yake, na kasha la bati lenye kitambaa kisichopitisha maji ndani. Kwa anayeanza, hii inatosha kabisa. Acha tundu mbili za hewa chini ya kasha, zenye wavu wa kuzuia wadudu, la sivyo unyevu wa Januari utakula vyuma na saketi.

Kibanda kizima kinachosukumwa tunakiweka cha tatu: ni kizito, na kinadai sakafu iliyonyooka urefu wote wa reli. Kuba la faibaglasi ni la mwisho. Linakinga upepo na taa za jirani vizuri, lakini linasafiri mbali, linapita forodha, na makuba mengi madogo hayafunguki vizuri utosini, yaani palepale tunapotaka kupiga picha.

Nguzo ya darubini. Hapa usibane pesa. Shimo la sentimita 80 kwa 80, kina mita 1, linameza karibu mifuko mitano ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja, mbili, tatu (saruji, mchanga, kokoto). Bolti nne za milimita 16 zizame sentimita 40 ndani ya zege. Juu yake simamisha bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 20, unene milimita 6, ulijaze mchanga mkavu. Ukiligonga kwa kiganja lisilie kama kengele. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumwaga sakafu ikashikana na msingi wa nguzo: kila hatua unayopiga inageuza nyota kuwa mstari kwenye picha. Acha nafasi ya sentimita 3 kuzunguka msingi. Mwagilia zege siku saba, maana kiangazi hulikausha kabla halijashika, na usipandishe darubini kabla ya siku 28.

Umeme. Kitako, kamera yenye kipoozeo, kompyuta ndogo na mkanda wa kuzuia umande hula ampea 6 au 7 kwa volti 12. Usiku wa saa kumi ni Ah (ampea-saa) 70. Betri ya lithiamu ya Ah 100 inatosha. Ya asidi itabidi ziwe mbili, kwa sababu ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa. Paneli ya wati 200 inairudishia karibu yote mchana. Umeme wa nyumba utumie kuchajia tu, tena kupitia stabilaiza, kwa kuwa unaporudi baada ya kukatika huja na nguvu ya kuunguza. Radi zikianza Oktoba, chomoa kila waya.

Kabla hujalipia kitako chochote, mwambie muuzaji akishushe hadi digrii 12, kwani ncha ya kusini ya anga, ambayo mhimili wa kitako lazima uielekee, iko chini kiasi hicho kwetu. Vingine havifiki hapo, na kwa vingine uzito wa kusawazishia unagonga nguzo darubini inapozunguka. Azungushe mzunguko mzima mbele yako, darubini ikiwa juu.