Fundi fremu wa Moshi na walevi wa Bacchus

Nina kilabu cha mbege Kiboriloni, hapa Moshi. Ukuta wa ndani ulikuwa umejaa kalenda za bia, nikazibandua zote. Nilitaka walevi wenye heshima zao: wale wa wachoraji wa Italia wa karne ya 18, Bacchus mungu wa mvinyo amekusanya watu wake na hakuna anayekumbuka njia ya nyumbani. Jumba la makumbusho la Getty na lile la sanaa la taifa kule Washington wanaruhusu mtu apakue picha zao za zamani bure, faili kubwa kabisa. Nikazitia kwenye flashi, nikaenda kwa fundi mmoja mjini anayechapa kwenye kanvasi na kutengeneza fremu.

Kazi zake za kila siku ni mahafali, harusi na Mlima Kilimanjaro jua likizama. Alipofungua faili ya kwanza akauliza, "Mama, hizi ni za kanisani?" Nikamwambia hasha.

Ya kwanza ni Bacchus na Ariadne ya Giovanni Battista Tiepolo, ya miaka ya 1740. Ariadne ndiye yule binti wa hadithi za Kigiriki aliyetelekezwa na mpenzi wake, Theseus, kisiwani Naxos. Bacchus akamkuta, akamwoa, na taji la binti huyo likaishia mbinguni kuwa nyota. Hii ilitoka safi. Rangi za ngozi hazikugeuka chungwa, jambo ambalo kwenye picha za harusi hapa mjini si la kawaida.

Shida ilikuwa picha ya pili, karamu ya walevi ya Alessandro Magnasco, mtu wa Genoa, aliyezaliwa 1667. Nampenda kuliko Tiepolo. Walevi wa Tiepolo wanajua wanatazamwa. Wa Magnasco hawana habari na mtu. Ni vijitu vidogo, vyembamba, vimepakwa kwa brashi ya haraka, rangi nyeupe kidogo juu ya kahawia nzito, vinarukaruka katikati ya magofu. Magofu yenyewe kwa kawaida alimwachia mwenzake, Clemente Spera. Kisha Magnasco akaja kumwaga watu. Sasa mashine ya fundi ikaigeuza kahawia yote kuwa nyeusi. Nikapewa magofu matupu, karamu imemezwa kama ugali ulioungua chini ya sufuria.

Sikuichukua. Fundi alinuna kidogo, kisha akaongeza mwanga kwenye kompyuta na kuchapa kipande cha kujaribia. Mara hii ikaonekana hata miguu ya mbuzi ya masateri, wale wafuasi wa Bacchus ambao ni nusu mtu nusu mbuzi. Aliporudia picha nzima alinitoza kanvasi tu.

Fremu ni mninga, pembe zimekutana barabara, hakuna pengo lililozibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Kataeni zile za plastiki zilizopakwa dhahabu, atawashawishi. Bei ni laki moja na ishirini kwa picha ya sentimita 60 kwa 90, si rahisi. Na "njoo kesho" zake zinachosha. Piga simu kabla hujapanda daladala.

Wateja wamezipokea picha vizuri, isipokuwa akina mama wa kwaya, ambao sasa wanakaa wameipa mgongo Ariadne lakini kata ya mbege inazunguka vilevile. Nikipata faili nzuri ya karamu ya Pan, mungu wa wachungaji, iliyochorwa na Sebastiano Ricci, ile iliyoko Venice, nitampelekea huyuhuyu. Kipande cha kujaribia kwanza, hela baadaye.