Betri Inayoisha Chaji Kila Mara: Cha Kununua Kwanza, cha Kununua Baadaye na cha Kuacha Kabisa

Ukiingia katika duka la vipuri mjini Kampala na kusema kwamba gari lako haliwaki asubuhi, utaonyeshwa betri mpya kabla hujamaliza maelezo, na ni nadra muuzaji kukuuliza gari huwa linasimama siku ngapi bila kutembea. Mimi nilinunua betri mbili katika mwaka mmoja kwa ajili ya Toyota Premio, na ile ya pili ilianza kulegea kabla ya kutimiza miezi mitatu, kumbe ubovu haukuwa wa betri tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, orodha yangu ya manunuzi haianzi na betri.

Nafasi ya kwanza naipa multimita, kile kipimo cha mafundi umeme chenye waya mwekundu na mweusi, ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Liache gari lilale usiku kucha, kisha upime asubuhi kabla ya kutia ufunguo: betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, iliyobakiwa na nusu husoma 12.2, na iliyo chini ya 12 iko karibu kuwa tupu. Mwombe mtu awashe gari huku wewe ukikodolea macho kipimo. Ikiwa betri ilikuwa imejaa lakini inaporomoka chini ya volti 9.6 wakati stata inazungusha injini, hapo betri yenyewe imechoka na hakuna la kujadili. Injini ikishawaka, washa taa kubwa upime tena. Unatarajia kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, chunguza mkanda na altaneta (jenereta inayozungushwa na mkanda huo ili kuchaji betri), na ikipita 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika na kinaichemsha betri, kwa hiyo hata mpya utakayoweka itachemshwa vilevile.

Gari langu lilifaulu vipimo vyote hivyo, na ndipo nilipolazimika kutafuta umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Nilifungua waya wa hasi, nikaunganisha multimita katikati ya waya huo na betri kwa kutumia tundu lake la ampea 10, nikakibana kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, kisha nikasubiri nusu saa ili kompyuta zake zilale. (Usithubutu kuwasha gari katika hali hiyo, utaunguza fyuzi ya kipimo.) Gari zima linapaswa kunywa ampea 0.05 au pungufu. Langu lilikuwa linakunywa 0.4. Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na nilipofikia ya redio, namba ikaanguka hadi 0.03. Redio hiyo ilikuwa imefungwa na fundi wa mtaani, naye aliupeleka waya wake moja kwa moja kwenye umeme usiokatika hata gari likizimwa. Ampea 0.4 inaonekana kitu kidogo, lakini kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, yaani ampea-saa 24, na betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 45. Redio, alamu na vifuatiliaji vilivyofungwa baadaye ndivyo washukiwa wangu wa kwanza kila ninapoombwa ushauri.

Nafasi ya pili ni chaja ya nyumbani inayojizima yenyewe betri ikijaa, hasa kwa mtu ambaye safari zake ni fupi na sehemu kubwa yake ni kusimama kwenye foleni ya Jinja Road akiwa amewasha taa na kiyoyozi, kwa maana injini inayonguruma polepole hairudishi umeme wote uliotumika. Kabla ya kuinunua, safisha terminali (vichwa vya betri vinapofungwa waya) kwa maji ya moto na magadi, kwani ule ukungu mweupe au wa kijani peke yake unatosha kuzuia chaji.

Betri mpya inakuja ya tatu. Chagua betri kavu isiyohitaji kuongezwa maji, yenye ukubwa uleule ulioandikwa kwenye ya zamani. Katika maandishi kama 55D23L, 23 ni urefu kwa sentimita na L huonyesha upande wa terminali, na ukikosea upande huo waya hautafika. Betri ya maji ni nafuu na si mbaya hata kidogo, ila joto la chini ya boneti hukausha maji yake, kwa hiyo inamfaa anayefungua vifuniko kila mwezi na kujaza maji ya betri, si ya bomba. Usilipie zaidi kwa sababu ya namba kubwa ya nguvu ya kuwasha kwenye baridi: namba hiyo hupimwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na hata Kabale, mji wetu wa baridi, hakujawahi kuwa hivyo. Lakini gari lililotoka Japani likiwa na mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani lilizaliwa na betri maalumu, yenye alama kama N-55 au Q-85, na ukiliwekea ya kawaida huku mfumo ukiendelea kufanya kazi, betri hiyo haitadumu. Dukani, ipime mbele ya muuzaji. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, iache. Ya zamani usiitupe, madini ya risasi yaliyomo yana wanunuzi na duka linaweza kukupunguzia bei.

Kifaa cha mkononi cha kuwashia gari nakiweka cha nne, kwa kuwa kitakufikisha kazini bila kuondoa tatizo. Betri ya sola haifai kabisa, imetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, ilhali stata inataka mwingi kwa sekunde chache. Ya mwisho ni betri iliyofufuliwa kwa kumwagiwa asidi mpya. Itasoma 12.6 kwenye meza ya muuzaji bila aibu, kwa hiyo dai ifungwe kwenye gari na kuwashwa huku kipimo kikiwa juu yake.