Uzoefu wangu na mashine ya kujazia risasi: kadude ka plastiki kameniaibisha mbele za watu

Wakuu naandika hii bado nina hasira, kwa hiyo mkiona nimeruka jambo au nimerudia jambo nivumilieni. Jina la kampuni sitaji. Hata rangi ya mashine sitaji, maana kwenye huu mchezo ukitaja rangi tu umeshataja kampuni, bluu wana watu wao, kijani wana watu wao, wa nyekundu nao wanagombana wenyewe kwa wenyewe.

Mimi nipo Houston, nabeba boksi kama wengine, na wikiendi napiga mashindano ya bastola ya USPSA, chama cha mchezo huu huku Marekani. Kwa asiyejua, hakuna anayemlenga mtu. Unapewa steji ina shabaha za boksi na sahani za chuma, taima inalia piii, unakimbia unapiga, halafu pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ukipiga katikati pointi 5, ukikosa wanakukata 10. Ni mchezo wa hela, nisiwadanganye. Watu wanadhani hela inaishia kwenye bastola, kumbe bastola unanunua mara moja unamaliza, risasi ndio zinakula mshahara. Kabla ya korona boksi la 50 za 9mm unapata kwa dola 10 hivi, ikaja ile 2020 na 2021 boksi hilohilo nikaona linauzwa 30 na watu wamepanga foleni dukani tangu alfajiri. Nami kwa mazoezi tu namaliza 200 mpaka 300 kwa wiki. Mama watoto akaniuliza kwani huwezi kucheza bao kama wanaume wengine?

Ndio nikaingia kwenye kujaza mwenyewe. Unaokota maganda yako renji (uwanja wa kupigia shabaha), unayasafisha, unaweka praima mpya (kale ka kitakoni kanakowasha baruti), baruti, kichwa (kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha), unabana, basi. Na mlioko Bongo msijaribu, huko kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni kesi na utaijutia. Huku ukijaza za kwako mwenyewe hakuna anayekuuliza, ukianza kuuza ndio unatakiwa leseni.

Na sio bei tu. Utamu wenyewe ni kwamba risasi inakuwa ya kwako. Kwenye daraja langu lazima ufikishe pawa fakta 125, yaani uzito wa kichwa kwa greini mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1000. Kichwa changu ni cha greini 147, kikitoka na kasi ya 880 napata 129 na ushee, napita kwenye kronografu yao, kile kipima kasi, bila wasiwasi na bastola inasukuma mkono taratibu kama mtu anayekuamsha kwa adabu. Za dukani nyingi zinapiga teke. Ila chini ya 125 unapiga bila kuhesabiwa, umelipa kiingilio ukaote jua tu.

Na kila bastola ina tabia yake, hilo nalo mtu asikudanganye kwamba risasi ya rafiki yako ndio yako. Mimi natumia CZ Shadow 2, koo la mtutu wake ni fupi, kichwa kikichomoza kidogo tu haifungi. Nilichofundishwa na mzee mmoja wa Kitexas pale renji (ananiita kijana wangu, nina miaka 43) ni kuutoa mtutu kwenye bastola, unaushika wima, unadondosha risasi ndani. Ikilia tink na ukiizungusha kwa kidole inazunguka yenyewe, hiyo safi. Ikigoma kuzunguka, au ukigeuza mtutu isidondoke, rudi mezani. Sikio lako linakuwa kipimo kabisa. Halafu mkae macho na ganda la 380, risasi ya saizi nyingine, linafanana na la 9mm kama pacha, fupi kwa karibu milimita 2 tu, likijichanganya kwenye ndoo unajua umeumia.

Sasa mashine. Miezi ya kwanza niliipenda jamani, siwezi kusema uongo. Ni zile zinazofanya kazi zote kwa mkupuo, ukivuta mkono mara moja sahani ya chini inazunguka, huku praima inaingia, kule baruti inashuka, pale kichwa kinakaa, na risasi iliyokamilika inadondoka kwenye bakuli. Ikichanganya ina mlio wake, kraka-tok, kraka-tok, nikawa nalala nausikia. Nikawapigia debe hata washkaji wawili, mmoja wa Dallas alinunua kwa maneno yangu. Kaka nisamehe.

Ndani ya kile kisanduku cha kupimia baruti kuna kadude ka plastiki, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kazi yake kurudisha mtelezo wa baruti nyuma kila ukirudisha mkono. Kasiporudisha, mtelezo unabaki katikati, ganda linalofuata linapata nusu, au halipati kitu. Mashine ya mamia ya dola, chuma kizito mpaka meza yangu niliiongezea miguu, halafu roho yake imening'inia kwenye plastiki ya kucha. Nani alikaa ofisini akasema hapa weka plastiki, patatosha?

Siku ya mashindano sasa. Ilikuwa steji ndefu, ya risasi 32, pointi 160, na nilikuwa naenda vizuri kuliko siku zote. Nimeshapiga 9, naingia kona ya pili, navuta, badala ya mlio nasikia pf. Kama mtu kafungua soda iliyolala. Na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka minne, haukuniuliza, ukapiga kitako cha magazini ukavuta mtelezo wa bastola, ganda tupu likaruka, risasi mpya ikaingia. Kidole kinarudi kwenye kifyatulio. Refa akapiga kelele STOP, kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa yule mama, mtu mpole kabisa, na akawa ameshanyoosha mkono wake mbele ya uso wangu.

Risasi haikuwa na baruti. Praima peke yake ilikisukuma kichwa kikaingia kama inchi moja na nusu ndani ya mtutu kikakwama humo. Ningefyatua ile ya pili ingekikuta pale, na mtutu ungeweza kupasuka mikononi mwangu. Tukafungua bastola mezani, refa akapitisha fimbo ya shaba kutoka mbele, kichwa kikatoka na mikwaruzo yake mbavuni kizima kabisa, bado kina mafuta. Nikakitia mfukoni. Miguu ilikuwa inatetemeka nikajidai nafunga kamba za viatu.

Na sheria iko hivi, refa akikusimamisha akakuta mtutu hauna kitu, unarudia steji. Akikuta kweli kichwa kimekwama, hurudii, unahesabiwa ulichopiga, na shabaha zote ambazo hukuzifikia unakatwa kama umezikosa. Yaani sifuri. Watu wakanipigapiga mgongo, wakasema afadhali umepona, ni kweli, lakini nilikuwa wa tatu jamani. Wa tatu!

Jumatatu nikafungua mashine, nikakuta kale kadude kana ufa, kamekaa upande. Nikapiga simu kwao. Nimesubiri kama dakika arobaini nasikiliza gitaa. Anapokea jamaa, sauti imechoka kama mimi ndiye niliyempangia zamu. Namweleza vizuri, taratibu, na Kiingereza changu nakijua kina Tanga ndani yake lakini kinaeleweka, nimekaa huku miaka mingi. Ananikatiza, ananiuliza kama nimesoma kitabu cha maelekezo. Nikasema nimesoma. Akauliza tena, pole pole, kama unavyomwambia mtoto, ume-so-ma? Halafu akaniuliza huko ninakotoka tulikuwa tunavyo vitu kama hivi.

Nikanyamaza. Nilikuwa na majibu kumi, yote ya Kiswahili.

Halafu ndio akapigilia msumari, akaniuliza kwa nini sikununua ile kengele ya baruti. Maana wanayo, inakaa kwenye tundu lake, ganda likipita bila baruti au likiwa na baruti nyingi inalia. Inauzwa pembeni. Yaani mnaniuzia mashine inayoweza kusahau baruti, halafu cha kunijulisha imesahau mnakiuza kivyake, na kosa ni la kwangu? Ni sawa na kuuziwa gari ukaambiwa breki zipo dirisha la pili. Nikamwambia hivyo. Akasema hakuna mwingine aliyelalamika, halafu akauliza, siku ile unajaza ulikuwa unaangalia kitu kingine chochote? Televisheni? Simu?

Nikasema hapana.

Sawa. Ninyi ni ndugu zangu, ngoja niseme. Siku ile ilikuwa dabi. Saa kumi na moja jioni ya Dar huku ni asubuhi, mimi ni wa Jangwani, Yanga tangu tumboni, na risasi za mashindano zilikuwa hazijatimia. Nikaegemeza simu kwenye kopo la praima, jicho moja Simba na Yanga jicho moja kwenye mashine. Mkono unavuta wenyewe kraka-tok, kraka-tok, na kila anayejaza risasi anajua amri ya kwanza, kabla hujaweka kichwa chungulia ndani ya ganda, uone baruti kwa macho yako, kila moja, hata ziwe elfu. Nilichungulia. Nyingi nilichungulia. Ilipofika ile penalti sikumbuki nilichungulia nini, nakumbuka nimesimama nimeshika kichwa na mkono wa mashine umebaki nusu.

Kwa hiyo plastiki ilipasuka ndio, lakini nani alikuwa zamu? Na labda hata ilipasuka kwa vile niliuacha mkono nusu halafu nikaushusha kwa hasira, maana tulikosa. Haya. Lakini yule jamaa wa simu hakuyajua haya! Yeye alikuwa anabahatisha tu, na ile ya huko ninakotoka haikuhusu plastiki wala dabi. Akiwa sahihi kwa bahati bado ni mshenzi.

Sasa sikia kichekesho. Siku nne hazijaisha naletewa bahasha. Ndani kuna vile vidude viwili, springi mpya, na kikaratasi kinasema hakuna malipo, na vidude vyenyewe sasa ni vya chuma. CHUMA. Kumbe walishajua. Kama hakuna mwingine aliyelalamika, nani aliwaambia mbadilishe? Nikafurahi nikakasirika kwa pumzi moja. Nimekifunga kile cha chuma, dakika tano tu, mashine inakwenda kuliko ilivyokuwa mpya, mtelezo unarudi tap, unausikia. Ukiniuliza leo ununue au usinunue, mimi nitakwambia nunua, kwa kujaza risasi nyingi kwa muda mfupi sijaona ya bei ile inayoipita. Ila nunua na kengele siku hiyohiyo, na kabla hujatoa gari uwanjani mwa duka fungua kisanduku uangalie kama ni plastiki. Au usinunue, anza na ile ya mkono mmoja kazi moja, taratibu, utaweka baruti kwenye ganda moja moja kama unaweka sukari kwenye chai ya mkwe, si rahisi kukosea. Mimi mwenyewe nikisikia ile sauti ya gitaa la kusubiri nataka kuiuza.

Kengele nimenunua. Ndio, kutoka kwao, msinicheke.

Lakini msiba wangu hasa haukuwa steji, wala yule jamaa. Siku ya dabi nilijaza kama 800, na zimechanganyika zote kwenye ndoo moja. Ipi haina baruti? Nilidhani nitapima kwenye mizani, nyepesi naitupa. Haifanyi kazi, maganda nimeokota ya kila kiwanda, ganda na ganda linapishana uzito, kichwa na kichwa vinapishana, tofauti yao inaifunika baruti yenyewe maana baruti ya 9mm ni kidogo mno. Ukitikisa sikioni ndio kabisa unajidanganya. Mzee wa Kitexas akanitazama akacheka akanipa nyundo yake ya kuvutia vichwa, ya plastiki (nayo!), unaweka risasi kwenye tundu lake unagonga sakafu ya zege, pa, pa, pa, mpaka kichwa kichomoke na baruti imwagike ndani. Moja moja. Miwani usoni, na kunawa mikono kabla ya kushika mtoto maana vumbi lina risasi ndani yake, madini yale.

Nagonga kila nikitoka kazini. Jirani kaja kuuliza kama nabomoa. Mama watoto kahamishia televisheni chumbani. Mpaka jana usiku nimefika 312, na kati ya hizo nimezikuta mbili kavu, hazina hata punje, na moja yenye nusu. Hiyo lazima ilikuwa penalti.

Zimebaki 400 na kitu. Nikimaliza nitasema kama kuna nyingine.